Kipimo cha damu cha H. pylori hakijui kama umepona

"Daktari, nimemaliza dozi ya tatu na nikipima bado nakutwa na H. pylori. Sasa nitumie dawa gani?"

Swali hili hunifuata kliniki, hunifuata kwenye simu, na hata msibani tukiwa tumekaa mkekani. Na mimi kila mara huuliza kwanza: ulipimwa damu au choo? Karibu wote hunijibu kitu kimoja. Alitobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kifaa kidogo cha plastiki, na baada ya dakika 10 au 15 ikatokea mistari miwili. Aliyempima akamwambia bado yupo, dozi ya kwanza haikumtoa, tubadilishe dawa. Wiki kadhaa baadaye akarudi, akatobolewa tena, mistari ikawa miwili tena. Mtu huyu hahitaji dozi ya nne. Inawezekana hakuhitaji hata ya tatu, wala ya pili. Anahitaji kipimo kingine, na ingekuwa vizuri kama angeambiwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Niliseme wazi, kwa sababu nimechoka kulisema kwa upole. Kipimo cha haraka cha damu hakimtafuti bakteria. Hakina namna ya kumwona, kwa kuwa bakteria huyu haishi kwenye damu. Anaishi tumboni, amejichimbia chini ya ute unaofunika ukuta wa tumbo. Kinachotafutwa na kipimo hicho ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili wako wewe umezitengeneza baada ya kukutana naye. Ndani ya kile kifaa kuna kipande cha karatasi maalumu ambamo damu husafiri. Kingamwili zikiwemo, hunaswa kwenye mstari ulioandikwa T, na rangi hutokea. Mstari wa C upo tu kuthibitisha kwamba kifaa kimefanya kazi. Hakuna hatua hata moja ambapo bakteria mwenyewe anaulizwa kama yupo.

Sasa kingamwili hizo hazifi siku bakteria anapokufa. Hupungua taratibu sana, na hubaki kwenye damu kwa miezi mingi, mara nyingi kwa miaka, baada ya tumbo kusafishika kabisa. Ni kama kitabu cha wageni kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji: ukishasaini, jina lako linabaki pale hata mwakani, na anayelisoma hawezi kujua kama bado umekaa ndani ya ofisi au ulishaondoka siku ile ile. Kwa hiyo ukimaliza dozi leo na dawa zikawa zimefanya kazi barabara, kipimo cha damu cha mwezi ujao kina kila sababu ya kuonyesha mistari miwili. Hakijakosea. Aliyekosea ni yule aliyekiuliza swali ambalo hakiwezi kulijibu.

Hapa ndipo wasomaji makini hunibana. Mbona kipimo cha VVU nacho kinatafuta kingamwili, na tunakiamini nchi nzima? Hoja hiyo ni nzuri, na jibu lake ndilo linalofungua jambo lote. VVU akishaingia mwilini haondoki. Dawa humfubaza, hazimfukuzi. Ndiyo maana kwa mtu mzima kuwa na kingamwili za VVU ni sawa na kuwa na VVU. Lakini angalia kinachotokea kanuni hiyo inapovunjika. Mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye VVU huwa na kingamwili za mama yake kwenye damu, hata kama yeye hakuambukizwa. Mama yeyote aliyehudhuria kliniki ya watoto anajua kwamba kabla ya miezi 18 mtoto huyo hathibitishwi kwa kipimo cha kidole. Huchukuliwa tone la damu kwenye karatasi na kupelekwa maabara kubwa kumtafuta kirusi mwenyewe. Na kaswende je? Mjamzito aliyetibiwa kaswende akapona anaweza kuendelea kuonyesha mstari kwenye kipimo cha haraka maisha yake yote. Muuguzi mwenye uzoefu anajua, ndiyo maana humuuliza kama aliwahi kutibiwa kabla ya kumchoma sindano nyingine.

H. pylori anatibika. Yuko kundi moja na kaswende, na ni kosa kumsoma kama VVU. Ugonjwa unaopona hauwezi kufuatiliwa kwa kipimo kinachohifadhi kumbukumbu.

Baadhi huongeza kwamba mstari wao wa T ulikuwa mzito, na kwamba waliambiwa hiyo ni dalili ya bakteria wengi, au kwamba dozi ya pili iliufanya mstari ufifie kwa hiyo "tuongeze kidogo tummalize". Hili sitalivumilia. Kifaa hicho kimetengenezwa kusema ndiyo au hapana. Mstari hafifu ni ndiyo, mstari mzito ni ndiyo. Uzito wake unategemea wingi wa kingamwili, ukubwa wa tone la damu, aina ya kifaa, hata dakika ambayo msomaji aliangalia. Kuna watu nimewaona wakihifadhi picha za mistari yao kwenye simu, za Januari, za Machi, za Juni, wakizilinganisha kama wanavyolinganisha uzito kwenye mizani. Picha hizo hazina habari yoyote kuhusu bakteria waliobaki.

Basi tuseme hujawahi kutibiwa, na hii ndiyo mara yako ya kwanza kupima. Je, kipimo cha damu kinafaa? Hapa niwe mkweli kuliko wanaokitetea na kuliko wanaokilaani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikadiria kwamba takriban asilimia 70 ya watu barani Afrika wana bakteria huyu, na wengi wetu huambukizwa utotoni, ndani ya familia. Kwa hiyo mtu mzima asiyewahi kutibiwa akionyesha mistari miwili, uwezekano ni mkubwa kwamba kweli anaye. Lakini kwa hesabu hiyo hiyo, ukisimamisha daladala yoyote Dar es Salaam ukawapima abiria wote, wengi watakuwa na mistari miwili, pamoja na dereva ambaye hajawahi kuumwa tumbo. Katika watu 100 wenye H. pylori, takriban 10 ndio hupata vidonda vya tumbo katika maisha yao, na kati ya 1 na 3 hupata saratani ya tumbo. Waliobaki huishi naye bila kujua. Mistari miwili kwa mtu anayeumwa tumbo haithibitishi kwamba maumivu yale yametoka kwa bakteria. Imethibitisha tu kwamba yuko kama majirani zake. Na mstari mmoja hauachi moyo ukatulia, kwa sababu vifaa hivi vinatofautiana sana kwa ubora na vingine huwakosa watu wenye maambukizi.

Hii haina maana kwamba bakteria huyu ni wa kupuuzwa. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilimweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Aliyethibitika kuwa naye, akawa na dalili au kidonda, atibiwe, tena atibiwe kikamilifu. Ninachogombea ni neno "kuthibitika". Barry Marshall alipokunywa bakteria hawa kule Perth, Australia, mwaka 1984 ili kuonyesha kwamba wanaweza kuliuguza tumbo lenye afya, aliingizwa kamera na kuchukuliwa vinyama vya tumbo, na humo ndimo bakteria walipoonekana. Tangu mwanzo elimu hii ilijengwa kwa kumtafuta mhusika mwenyewe mahali anapoishi. Leo miongozo ya Marekani na ya Ulaya inatumia kipimo cha choo au cha pumzi, na inakataa kipimo cha damu kutumika kujua kama mtu amepona.

Madhara ya kosa hili ninayaona kila wiki. Mtu amemezeshwa klarithromaisini mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na amoksisilini, na metronidazo, akitapika, akiharisha, mdomo ukiwa na ladha ya chuma, kumfukuza bakteria ambaye huenda alikufa kwenye dozi ya kwanza. Fedha zimekwenda. Bakteria wengine mwilini mwake, ambao hawakuwa na kosa, wamejifunza kuishi na dawa hizo. Na kama H. pylori kweli alibaki, kumpiga tena kwa dawa ile ile ni kumkomaza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimtaja H. pylori sugu kwa klarithromaisini kati ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Usugu huo si wa mbali: watafiti waliochunguza wagonjwa Mwanza wameukuta.

Halafu kuna magonjwa yanayojificha nyuma ya ile mistari miwili. Mtu anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo ana sababu nyingine kabisa ya kidonda. Mwingine ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Baba wa miaka 60 anayesema kifua kinawaka akipanda ngazi anaweza kuwa na ugonjwa wa moyo, na nimewapokea wa namna hiyo wakiwa na paketi ya dawa za vidonda mkononi. Kanda ya Ziwa, mvuvi anayetapika damu mara nyingi amepasuka mishipa ya koo la chakula iliyovimba kwa sababu ya kichocho cha muda mrefu kilichoharibu ini. Kumpa dozi ya H. pylori kwa kuwa kipimo cha kidole kimesema ndiyo ni kumchelewesha asifike anakopaswa kufika. Na saratani ya tumbo, ambayo mwanzoni huuma kama vidonda vya kawaida, husubiri kimya wakati mgonjwa anazunguka kutoka dozi hadi dozi.

Anayenufaika na mzunguko huu ni muuza dawa za maajabu. Biashara yake inaanzia pale pale: "Hospitali wameshindwa, umemaliza dozi tatu na bado unaye. Njoo tukupe ya kwetu." Chupa ya unga wa mlonge, shubiri, mchanganyiko wa asali na vitunguu saumu, na zaidi ya yote maji ya kabichi. Hili la kabichi lina asili yake. Mwaka 1949 daktari mmoja wa California, Garnett Cheney, aliandika kuhusu wagonjwa 13 wa vidonda aliowanywesha maji ya kabichi mbichi wakapona haraka. Wagonjwa 13, bila kundi la kulinganisha, miaka zaidi ya 30 kabla ya H. pylori kutambuliwa. Vidonda vingi hufunga na kufunguka vyenyewe. Ukinywa chochote wakati kinafunga, utakisifu. Asali nayo huua bakteria kwenye sahani ya maabara, lakini sahani ya maabara haina asidi, haina ute, wala haimwagi yaliyomo kwenda kwenye utumbo kila baada ya saa chache. Kunywa kabichi yako ukipenda, ni mboga njema. Ila usiache dawa kwa ajili yake, na usimwamini mtu anayekuambia mchanganyiko wake unamaliza H. pylori, hasa anapojitolea kukuthibitishia kwa kipimo kile kile cha kidole. Mstari ukifutika baada ya mwaka, umefutika kwa sababu kingamwili zimeisha, na huenda zilianza kupungua siku ulipomaliza dozi ya hospitali.

Kwa wenzangu wa maabara na maduka ya dawa nina ombi moja. Majibu ya kipimo hiki yaandikwe "kingamwili za H. pylori: zimeonekana". Mkiandika "H. pylori: yupo", mmeandika jambo ambalo hamkulipima. Na mgonjwa akikuambia ameshatibiwa, usimtoboe kidole. Mwambie kipimo hiki hakimfai, hata kama kile kinachomfaa huna. Najua kifaa hicho ni cha bei rahisi, hakihitaji umeme wala friji kubwa, na mteja yuko mbele yako na fedha mkononi. Najua pia kwamba kina nafasi yake: watafiti wanaotaka kujua ni wangapi katika kijiji wamewahi kuambukizwa wanakihitaji, na daktari mwenye mgonjwa anayetoka damu kwenye kidonda, au aliyetoka kumeza antibiotiki, anaweza kukitumia kwa tahadhari kwa sababu wakati huo vipimo vingine vinaweza kusema hapana kwa uongo. Kumwambia mtu kama amepona hakumo katika kazi hizo.

Sasa la kufanya. Kama huna dalili, usipime. Usimpime mtoto wako kwa sababu wewe umekutwa naye, na usitenge sahani na vikombe nyumbani. Watu wazima wenzako huenda wanaye tangu utoto.

Kama una maumivu ya tumbo la juu na hujawahi kutibiwa, omba kipimo cha antijeni kwenye choo. Kifaa chake kinafanana sana na kile cha damu, kwa hiyo angalia maandishi: Ab ni kingamwili, Ag ni antijeni, yaani vipande vya bakteria mwenyewe. Unachotaka ni Ag, na sampuli ni choo kibichi kisichokaa kwenye joto. Kabla ya kupima, acha dawa za kupunguza asidi, yaani omeprazo na ndugu zake, kwa wiki 2, na uwe umekaa wiki 4 bila antibiotiki wala bismathi. Ukipima ukiwa unazimeza, bakteria waliofubaa hawataonekana na utaambiwa huna. Kama omeprazo ulipewa kwa sababu ya kidonda kilichotoka damu, usiiache bila kumuuliza aliyekuandikia. Kipimo cha pumzi ni kizuri sawa na hicho: unakunywa urea maalumu, bakteria akiwepo anaivunja, na hewa unayopuliza inamfichua. Kinapatikana katika hospitali chache za mijini.

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni, kuishiwa damu, au maumivu mapya yanayoanza ukiwa umevuka miaka 50: usihangaike na vipimo vya kidole wala vya choo, nenda ukapimwe kwa kamera. Watu wanaiogopa "kumeza mpira". Ni dakika chache, kuna dawa ya kuganzisha koo, na daktari anaona kidonda kwa macho na kuchukua kinyama cha kupima bakteria na saratani kwa pamoja.

Ukithibitika, dozi ni siku 14. Mchanganyiko unaopewa kipaumbele sasa ni dawa nne: ya kupunguza asidi, bismathi, tetrasaiklini na metronidazo; pale bismathi inapokosekana, daktari atakuchagulia mwingine. Mjamzito na mtoto mdogo hawapewi tetrasaiklini. Usiimeze na maziwa, kwa sababu maziwa huizuia isifyonzwe. Bismathi hugeuza choo kuwa cheusi, usiogope, ila mwambie daktari kama kuna dalili nyingine. Acha pombe. Usiache dawa siku ya tano kwa sababu umepata nafuu.

Subiri angalau wiki 4 tangu siku ya mwisho ya dozi, bila omeprazo katika wiki 2 za mwisho, ndipo upime choo au pumzi. Kikisema hapana, umepona. Kama tumbo bado linauma, tutafute sababu nyingine. Kikisema ndiyo, dozi ya pili lazima iwe na dawa tofauti na za kwanza, hasa klarithromaisini isirudiwe. Kwa hiyo usitupe maboksi. Njoo nayo yote, pamoja na yale ya dawa ulizonunua dukani bila cheti, na uniambie kila moja uliimeza kwa siku ngapi.